Anayesema Mchina hajawahi kutawaliwa apite hapa: Wamongoli, Wamanchu na ramani ya China

Kahawa Chungu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi jioni kijiweni kwetu kulizuka ubishi. Mzee mmoja fundi saa, mtu ninayemheshimu sana, aliweka kikombe chini akasema: "Mchina hajawahi kutawaliwa na mtu, ndiyo maana yuko pale alipo." Benchi zima likaitikia. Nikamwambia, mzee wangu, shikamoo mara ya pili, lakini hapo umeteleza. Nikachekwa, kisha nikapewa sharti: nithibitishe, la sivyo nalipia kahawa ya benchi zima. Kwa hiyo uzi huu ni wa kuokoa mfuko wangu.

China nzima imetawaliwa na wageni mara mbili. Wamongoli walikamilisha kuiteka 1279 wakafurushwa 1368. Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki, waliingia Beijing 1644 wakaachia kiti 1912. Jumlisha mwenyewe, inapita miaka 350. Mwingereza pale Tanganyika hakufikisha hata 50.

Ila hilo ni la kuanzia tu. Ninachotaka kubishania hasa ni hiki: ile ramani ya China unayoiona ukutani leo, pamoja na mji mkuu wake, kwa sehemu kubwa waliichora hao waliomtawala. Nitashusha kidogo kidogo, msinivamie.

Nianzie pasipozoeleka. Temüjin, kiongozi wa Wamongoli, alitangazwa Chinggis Khan (ndiye Genghis Khan; khan ni mfalme wao) mwaka 1206, na 1211 akaanza kuipiga kaskazini ya China. Kaskazini hiyo tayari ilikuwa mikononi mwa wageni wengine, Wajurchen, na nasaba yao iliitwa Jin. Wafalme wa Kichina, wa nasaba ya Song, walikuwa wamesukumwa kusini. Mwaka 1215 mji wa Zhongdu, pale ilipo Beijing, ukaanguka. Chinggis akafa 1227, na mwanawe Ögedei akaimaliza Jin 1234.

Hapo Wamongoli wana nchi kubwa ya wakulima na hawajui waifanyie nini. Barazani wapo waliosema hawa watu hawana faida yoyote, bora waondolewe, mashamba yaote majani tulishe farasi. Na hawakuwa wanatania.

Aliyewazuia ni Yelü Chucai, Mkhitani, mtu wa kabila lililokuwa limeitawala sehemu ya kaskazini hiyo hiyo kabla ya Wajurchen. Hakuzungumzia huruma. Alipiga hesabu: niachieni niweke ofisi za kodi, na kila mwaka nitawaletea liang 500,000 za fedha (liang moja ni kama gramu 40), majora 80,000 ya hariri na shi 400,000 za nafaka (shi ni kipimo chao cha ujazo). Ögedei akamwambia haya, jaribu. Mwaka 1231 mzigo ukapangwa mbele ya khan, fedha huku, majora kule, pamoja na daftari za nafaka. Siku hiyo hiyo Chucai akapandishwa kuwa katibu mkuu wa serikali.

Mamilioni ya watu walipona kwa sababu mtu mmoja alionyesha kwamba mkulima aliye hai analipa kuliko jani la farasi. Mimi hiyo habari hunikaa kichwani kuliko vita vyote.

Mwisho wake si mtamu. Mwaka 1239 akaja mfanyabiashara Abd al-Rahman, akasema mimi nipeni kukusanya kodi, nitawaletea mara mbili, liang milioni 1.1 zitakuwa milioni 2.2. Akapewa. Wale mliowahi kuuza mboga kwenye soko ambalo ushuru wake amepewa mzabuni mnajua kilichofuata.

Naendelea chini.

---

Mzee wa Reli

Mkuu nipo paleee nimekaa. Swali kabla hujaenda mbali: Ukuta Mkuu ulikuwa wapi muda wote huo? Si ndiyo ulijengwa kuwazuia hao hao?

---

Kahawa Chungu

Swali zuri mkuu. Ukuta unaouona kwenye kalenda, ule wa mawe na matofali unaopanda milima, kwa kiasi kikubwa ni wa nasaba ya Ming, uliojengwa *baada* ya Wamongoli kufukuzwa, kwa hofu ya kurudi kwao. Zama za Chinggis kulikuwa na kuta za udongo za zamani na ngome za Wajurchen, na hazikumsumbua sana.

Na kichekesho ni kwamba huo wa Ming nao Wamanchu hawakuuvunja walipokuja kuchukua nchi. Walifunguliwa geti. Nitafika.

---

Kahawa Chungu

Kusini sasa.

Song ilikuwa nchi tajiri kuliko nyingi duniani, ina meli, baruti na miji mikubwa. Farasi wa nyikani akifika kwenye mito na mashamba ya mpunga anakwama. Möngke Khan, mjukuu wa Chinggis aliyekuwa khan mkuu, alifia huko 1259 akiizingira ngome moja ya Sichuan. Mdogo wake, Kublai, akaona kwamba njia ni mto Han, na mto Han umefungwa na miji miwili inayotazamana, Xiangyang na Fancheng, yenye daraja la maboti katikati.

Kuizingira kulianza 1268. Miaka mitano! Wamongoli wakalazimika kujenga meli na kufundisha askari wa majini. Hatimaye Kublai akaagiza mafundi kwa ndugu zake waliokuwa wakitawala Uajemi, wakaja Waislamu wawili, Ismail na Ala al-Din, wakaunda mitambo ya kurusha mawe mazito kwa uzito wa kusawazisha. Fancheng ikabomolewa kwanza. Jiwe lilipotua ndani ya Xiangyang, kishindo chake kiliwavunja watu moyo. Kamanda Lü Wenhuan akasalimu amri 1273, kisha akaongoza Wamongoli kushuka mto. Yaani aliyewazuia miaka mitano ndiye akawa mwenyeji wao.

Mji mkuu wa Song, Hangzhou, ulijisalimisha 1276. Waliobaki walikimbia na watoto wa mfalme kwenye meli mpaka Yamen, karibu na Guangzhou. Machi 1279 walifunga meli zao pamoja kwa minyororo ziwe kama ngome baharini, adui akawakatia maji ya kunywa, wakawa wanakunywa ya bahari na kutapika. Siku ya mwisho waziri Lu Xiufu alimbeba mgongoni mfalme, mtoto wa miaka 7 hivi, akaruka naye majini.

Na kamanda wa upande wa Wamongoli siku hiyo alikuwa nani? Zhang Hongfan, mwenye damu ya Kichina, wa kaskazini. Ndiyo maana huwa nasita mtu akisema "Wamongoli waliishinda China" kana kwamba ni timu mbili zenye jezi.

---

Jembe la Mkono

Mleta uzi unachanganya mambo. Yuan, nasaba ya hao Wamongoli, ni nasaba ya Kichina. Kublai mwenyewe alijiita mfalme kwa jina la Kichina, akakaa Beijing. Wachina wenyewe kwenye vitabu vyao wanaiweka kwenye mstari: Song, Yuan, Ming, Qing. Kama wenyewe hawajasema walitawaliwa, wewe wa kijiweni nani?

---

Kahawa Chungu

Jembe, umenipa nafasi niliyokuwa naitafuta.

Ni kweli 1271 Kublai alitangaza nasaba ya Yuan kwa Kichina safi. Lakini tazama ndani. Watu waligawanywa makundi manne: juu Wamongoli, wa pili *semu*, yaani watu wa magharibi (Waajemi, Waturuki, Wauighuri na wengine), wa tatu watu wa kaskazini, na chini kabisa watu wa kusini waliokuwa wa Song. Wa kusini ndio waliokuwa wengi na wasomi kuliko wote, na ndio waliowekwa mkiani. Mitihani ya kuingia serikalini, ambayo kwa Mchina msomi ndiyo ilikuwa ngazi ya maisha, haikufanyika kwa utaratibu mpaka 1315, na hata hapo Wamongoli na semu walipewa mtihani mwepesi zaidi.

Mkubwa wa fedha wa Kublai alikuwa Ahmad, mtu wa Fanakat, Asia ya Kati. Alichukiwa kiasi kwamba usiku mmoja wa 1282, Kublai akiwa hayupo mjini, kikundi cha watu kilijifanya msafara wa mwana wa mfalme unarudi, Ahmad akatoka kumpokea bosi wake, akapigwa kichwani kwa rungu la shaba. Aliyempiga, Wang Zhu, hakukimbia. Akauawa. Baadaye Kublai alipoonyeshwa utajiri wa marehemu, aliamuru maiti ifukuliwe na kutupiwa mbwa.

Sasa wewe niambie, huo ni utawala wa Kichina, au wa mgeni anayeogopa kumwachia mwenyeji funguo?

---

Bint Pangani

Nondo nzito kaka. Ila nikurekebishe kidogo kwenye hesabu za juu. Miaka 89, yaani 1279 hadi 1368, ni ya kusini. Kaskazini umeandika mwenyewe Beijing ilianguka 1215, kwa hiyo hadi 1368 ni 153. Na ukihesabu Wajurchen na Wakhitani kabla yao, mtu wa Beijing alikuwa chini ya wageni karne nne hivi karibu mfululizo.

---

Kahawa Chungu

Dada umenikamata, na umenisaidia. Wakhitani waliipata Beijing karne ya 10, miaka ya 930. Mpaka 1368 ni zaidi ya miaka 400. Babu, baba, mjukuu, hakuna aliyemwona mfalme Mchina.

Hapo ndipo linapoingia dai langu la ramani. Kabla ya Kublai hakuna aliyewahi kuitawala China yote akiwa Beijing. Miji mikuu ilikuwa Chang'an, Luoyang, Kaifeng, Hangzhou. Kublai alianza kujenga mji mpya, Dadu, 1267, kwa sababu ulikuwa karibu na nyika ya kwao: kiangazi anapanda Shangdu kuwinda, baridi anarudi. Mchina wa wakati huo angeuona mji mkuu uko mpakani kabisa. Leo ndiyo Beijing.

Mfumo wa majimbo ni hivyo hivyo. Neno *sheng*, jimbo, linatokana na ofisi ambazo Wamongoli walizituma mikoani kutawala kwa niaba yao.

Yunnan nayo kwa karne nyingi ilikuwa ufalme wake wenyewe, na Kublai aliiteka 1253 ili aizunguke Song kwa nyuma. Kisha akamweka gavana kutoka Bukhara, Sayyid Ajall Shams al-Din Omar, aliyechimba mifereji na kujenga misikiti pamoja na mahekalu ya Confucius. Waislamu wakajaa Yunnan. Mjukuu wa kizazi cha mbali wa Sayyid huyo alizaliwa huko 1371, akiitwa kwa ukoo wa Ma, baba yake akiwa Haji. Majeshi ya Ming yalipoichukua Yunnan mwanzoni mwa miaka ya 1380, mtoto alitekwa, akahasiwa, akapelekwa kutumikia nyumba ya mwana wa mfalme. Unamjua kwa jina la Zheng He.

Ndiye amiri wa zile safari zilizofika Mogadishu, Barawa na Malindi. Twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle 1415, na wasomi wakasema ni *qilin*, mnyama wa baraka kwenye hadithi zao. Watu wa pwani mliozaliwa mkisikia habari za Wachina wa zamani, mnyoosheni mstari mpaka mwisho: bila Wamongoli kuiteka Yunnan, huyo amiri Mwislamu asingekuwepo.

---

Bint Pangani

Hii ya Malindi nimeisoma mara mbili. Sasa usituache kwenye mataa, walitokaje?

---

Kahawa Chungu

Walitolewa na karatasi na mto.

Karatasi kwanza. Yuan walitumia noti nchi nzima, zilizotengenezwa kwa magome ya mforosadi. Baadhi zilikaribia ukubwa wa karatasi ya A4, zimepigwa mihuri myekundu, zimeandikwa kwamba atakayeghushi atauawa na atakayemtaja atazawadiwa. Mwanzoni, 1260, nyuma yake kulikuwa na fedha halisi ghalani. Vita vikaongezeka (Japan mara mbili, 1274 na 1281, Java 1293), zawadi kwa wakuu zikaongezeka, mashine ikaongezwa kasi. Mwaka 1287 ikatolewa noti mpya: moja mpya kwa tano za zamani. Mwaka 1350 wakachapa nyingine isiyo na chochote nyuma yake, na muda si mrefu watu wakarudi kubadilishana mali kwa mali.

Juu nako hakukutulia. Kati ya 1307 na 1333 kiti kilikaliwa na watu 8. Mmoja alikuwa mtoto, akadumu siku zisizofika 60.

Kisha mto. Mwaka 1344 Mto wa Njano ulipasua kingo, ukafurika, ukahama njia. Mashamba yakazama, Mfereji Mkuu wa kuleta nafaka mji mkuu ukawa hatarini, na viwanda vya chumvi navyo, ambavyo ndivyo vilikuwa pato kubwa la serikali. Mwaka huo huo, katika ukame na tauni, kijana mmoja maskini sana aliwazika wazazi wake bila hata jeneza, akaingia kwenye nyumba ya watawa ili apate kula, na nyumba ikamtuma akaombe njiani. Aliitwa Zhu Yuanzhang.

Mwaka 1351 waziri Toghto akaamua kuurudisha mto. Raia 150,000 wakaswagwa kwenye matope na askari 20,000 wa kuwasimamia. Na hapa kuna jambo ninalolipenda. Kabla kazi haijaanza, kuna watu waliimbisha watoto mitaani kwamba siku sanamu la jiwe lenye jicho moja litakapouchokoza Mto wa Njano, dunia itaasi. Kisha wakachonga sanamu la jiwe, jicho moja, wakalizika pale ambapo mafundi walikuwa wamepanga kuchimba. Fikiria upo na koleo, una njaa, posho imeliwa na msimamizi, koleo linagonga kitu, unapangusa tope, jicho linakutazama.

Waasi walifunga vilemba vyekundu. Zhu akajiunga nao, akaiteka Nanjing 1356, akawamaliza waasi wenzake (mkubwa wao kwenye vita vya meli ziwa Poyang 1363), na 1368 akatangaza Ming. Jeshi lake lilipokaribia Dadu, Toghon Temür, mfalme wa Yuan, alifungua geti la kaskazini usiku akaondoka na familia.

Kuna usemi kwamba China humeza kila anayeiteka. Kwa Wamongoli si kweli. Walifunga mizigo wakarudi nyikani, wakaendelea kujiita Yuan, na 1449 kiongozi wa Waoirati (Wamongoli wa magharibi), Esen, alimkamata mfalme wa Ming mzima mzima vitani. Na Ming yenyewe, iliyojisifu kuwatoa, ilirudisha mji mkuu Beijing 1421.

---

Mzee wa Reli

Mkuu umeahidi geti.

---

Kahawa Chungu

Nakimbia hapa, maana Wamanchu wanastahili uzi wao.

Hao ni uzao wa wale Wajurchen. Kabla ya kuigusa Beijing walianza na Wamongoli: wakuu wa Mongolia ya Ndani wakawatambua 1636, mwaka huo huo Hong Taiji akatangaza nasaba ya Qing. Aprili 1644 waasi wa Li Zicheng waliingia Beijing na mfalme wa mwisho wa Ming akajinyonga kilimani nyuma ya kasri. Jenerali Wu Sangui, aliyekuwa analinda geti la Shanhai, akabanwa katikati, akachagua kuwafungulia Wamanchu. Ukuta wote ule!

Mwaka 1645 ikaja amri kwamba kila mwanaume anyoe mbele na kusuka mkia nyuma, kama Mmanchu. Asiyenyoa anakatwa kichwa. Miji ya kusini iliyokuwa imeshasalimu amri ilipigana upya kwa sababu ya nywele tu.

Taiwan ilichukuliwa na Qing 1683. Wamongoli wa Khalkha, ndio wa nchi ya Mongolia ya leo, walipiga magoti mbele ya Kangxi, mfalme wa Qing, 1691, wakikimbia kipigo cha ndugu zao Wadzungar. Wadzungar wenyewe walifutwa katika miaka ya 1750, kwa upanga na ndui, na nchi yao sasa ni sehemu ya Xinjiang. Hao wakuu wa Khalkha hawakuapa kwa "China". Waliapa kwa mfalme wa Kimanchu, mtu anayeelewa mambo ya farasi na lama (watawa wa Kibudha), na ambaye kwa muda mrefu aliwazuia wakulima wa Kichina wasihamie malishoni mwao. Mwanzoni mwa karne ya 20 zuio hilo liliondolewa, huku Wamongoli wakiwa wamezama kwenye madeni ya maduka ya Wachina.

Kwa hiyo mapinduzi ya Oktoba 1911 yalipotokea, Khalkha walitangaza uhuru Desemba ileile, wakamsimika Bogd Khan, lama mkuu. Hoja yao ilikuwa fupi: tuliyemwapia ameondoka, na nyie wengine hatuna mkataba.

Februari 1912 Puyi, mfalme wa mwisho wa Qing, mtoto wa miaka 6, akaachia kiti. Siku tatu baadaye Sun Yat-sen, kiongozi wa jamhuri mpya, alikwenda kwenye kaburi la Zhu Yuanzhang huko Nanjing, kumwarifu marehemu kwamba wageni wameondolewa. Halafu jamhuri hiyo hiyo ikadai ardhi yote waliyoiteka hao wageni.

---

Jembe la Mkono

Hapo kwa kweli umenibana. Lakini Mongolia ilitokaje kama China iliing'ang'ania?

---

Kahawa Chungu

Kwa Mrusi. Jeshi la China liliirudia Urga (Ulaanbaatar ya leo) 1919, likatolewa Februari 1921 na Ungern, baron wa Kirusi wa upande wa "Weupe" waliopigana na Wakomunisti, naye akatolewa na Jeshi Jekundu pamoja na wanamapinduzi wa Kimongoli Julai. Mwaka 1924 ikawa jamhuri ya watu. Gharama yake waliilipa: 1937 hadi 1939, chini ya kiongozi wao Choibalsan na kivuli cha Stalin, zaidi ya watu 20,000 waliuawa, wengi wao malama. Oktoba 1945 ikapigwa kura ya uhuru, na kwa hesabu rasmi haikupatikana hata moja ya "hapana". China ikakubali Januari 1946.

Taiwan, yaani serikali ile ya jamhuri iliyokimbilia kisiwani 1949 ikabaki na kiti cha China Umoja wa Mataifa, bado iliwazuia kuingia humo kwa kura ya turufu, 1955. Aliyefungua mlango ni Afrika. Mwaka 1961 Wasovieti walisema msipoipitisha Mongolia, Mauritania nayo haipiti. Taiwan ilihitaji kura za Waafrika ili ilinde kiti chake, ikakaa kimya. Oktoba 27 nchi zote mbili zikaingia siku moja. Wiki saba baadaye, Desemba 14, ikaingia Tanganyika.

Leo Wamongoli walio ndani ya China ni wengi kuliko walio Mongolia yenyewe. Hata madhabahu ya Chinggis yako Ordos, upande wa China, na hayana mwili ndani.

Mrejesho wa kijiweni: jana nilimsomea fundi saa uzi wote, kwa sauti, dakika kama arobaini. Alisikiliza bila kukatiza, akimaliza kubana kioo kidogo cha saa ya mteja. Kisha akaniuliza: "Sasa hao Wamongoli na Wamanchu si ndio Wachina hao hao?"

Nikabaki nimeshika simu. Maana ndiyo jibu ambalo Beijing yenyewe imekuwa ikitoa tangu 1912.

Kahawa nimelipa. Vikombe kumi na moja.